Kutoka Ubaoni hadi Kitale: Historia ya Peek na Macho ya Watoto wa Trans-Nzoia

Mwezi wa Machi mwaka 2015, wakati wakulima wa Trans-Nzoia walipokuwa wamekwisha kutifua mashamba yao na kuitazamia mvua ya kupandia mahindi, ilianza katika shule 50 za msingi za umma za kaunti hiyo kazi ya kuwapima macho watoto zaidi ya 20,000, na katika nusu ya shule hizo chombo cha kupimia hakikuwa kile kibao cha herufi ambacho asili yake ni kazi ya Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862, bali simu janja iliyoshikwa mkononi na mwalimu. Imetimia miaka 10 na ushei tangu siku hizo, nami naona ni wajibu wetu sisi tukaao baina ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani kuiandika tarikhi ya taasisi iliyoileta simu ile. Maana sehemu kubwa ya maarifa ambayo kwayo inasifiwa leo katika miji mikuu ya ulimwengu iliyapata hapa kwetu, kwa walimu wetu na kwa wazazi wetu, na haitakuwa haki habari hizo zisimuliwe London na zisisimuliwe Kitale.

Taasisi hiyo ni Peek Vision, na mwasisi wake, Andrew Bastawrous, ni daktari wa macho wa Uingereza mwenye asili ya Misri. Amesimulia hadharani mara nyingi ya kwamba utotoni alikuwa haoni mbali pasipo kujua, hata alipotimia miaka 12 mama yake akampeleka kupimwa, naye akavaa miwani na kuyaona kwa mara ya kwanza majani ya mti yakiwa yamepambanuka moja moja. Simulizi hilo silitaji kwa ajili ya kuipamba habari, bali kwa sababu ndilo lililokuja kuwa msingi wa kazi ya Kitale: mtoto asiyeona vizuri hasemi kwamba haoni, maana hana kingine cha kulinganishia, na mwalimu amwonaye akiduwaa mbele ya ubao aghalabu humhesabu kuwa mzembe au mzito wa akili, na mzazi akalikubali neno la mwalimu, na mtoto naye mwishowe akalikubali.

Kenya ilimpokea Bastawrous kwa njia ya Nakuru. Huko, katika miaka ya 2007 na 2008, watafiti walikuwa wamewapima macho maelfu ya watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika sehemu 100 za wilaya ya wakati ule. Na ilipofika mwaka 2013 yeye, akiwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha London kinachofundisha afya ya jamii na tiba ya nchi za joto, alishika kazi ya kuwarudia watu wale wale mahali pale pale, ili ijulikane ni wangapi walioingiwa na upofu katika muda huo, na kwa sababu gani. Kazi hiyo ilitaka mashine za thamani kubwa, nzito, zenye kuhitaji umeme na mafundi wa kuziendesha, nazo zikachukuliwa kwa gari hadi vijiji ambavyo barabara zake hukatika mvua inyeshapo na ambavyo nyaya za umeme zilikuwa hazijavifikia. Lakini katika vijiji hivyo hivyo mtandao wa simu ulikuwapo. Msomaji akumbuke kwamba huduma ya M-Pesa ilizinduliwa mwezi wa Machi 2007, mwaka ule ule ilipoanza hesabu ya kwanza ya Nakuru, na kwamba katika miaka iliyopita baina ya hesabu ya kwanza na ya pili simu ilikuwa imekwisha kuingia mfukoni mwa mkulima, na mkono wa mkulima umekwisha kuizoea kwa kutuma na kupokea fedha. Aliyewapima wazee wa Nakuru mwaka 2007 asingaliweza kuwaza kwamba simu ingemfaa kwa kazi yake; aliyewarudia mwaka 2013 asingaliweza kuacha kuwaza hivyo.

Wenziwe wa mwanzo walikuwa Stewart Jordan, mtaalamu wa programu, Mario Giardini, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Strathclyde mjini Glasgow, na Iain Livingstone, daktari wa macho wa Uskoti. Azma yao ilikuwa kuyatia ndani ya simu moja mambo mawili: kupima uoni, na kuitazama nyuma ya jicho. Hilo la pili ndilo lililowashangaza watu zaidi, na nitalieleza kwa utulivu kidogo, maana lina uzuri wake.

Katika mwili mzima wa binadamu, jicho ndipo mahali ambapo tabibu aweza kuiona mishipa ya damu kwa macho yake pasipo kupasua ngozi wala kuingiza waya.   Njia ya kuitazama imekwisha kufunguliwa na Muumba: mwanga ukipita katika mboni na kulifikia lile pazia la nyuma liitwalo retina, mishipa huonekana imetandaa juu yake, myekundu na yenye matawi, na katikati yao duara jeupe-njano ambapo mshipa wa fahamu hutoka kuelekea kwenye ubongo. Tangu Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipokitangaza kioo chake cha kuchungulia mwaka 1851, matabibu wamekuwa wakisoma hapo maradhi ambayo makao yake ni mwili wote: kisukari kinachoifanya mishipa midogo ivuje, shinikizo la damu linaloibana, na ile presha ya macho iitwayo glakoma, ambayo hulila duara lile kwa siri miaka mingi kabla mgonjwa hajahisi upungufu wowote. Kioo cha Helmholtz, hata hivyo, kilitaka jicho la mtu aliyefunzwa miaka mingi, na mtu huyo katika nchi yetu aghalabu yuko mjini.

Walichokibuni wenzetu wa Peek kilikuwa kipande kidogo cha kubandika juu ya kamera ya simu, ambacho mifano yake ya mwanzo ilichapwa kwa mashine ya kuchapia maumbo. Kikiuchukua mwanga wa taa ya simu, huuingiza mbonini na kuurudisha ukiwa na sura ya retina. Mwishoni mwa mwaka 2014 waliuomba umma wa ulimwengu, kwa njia ya intaneti, uchangie gharama za kukitengeneza, na umma ukaitika. Kilijaribiwa kwa watu wa Nakuru: picha zilipigwa na mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo, na pia na mtu ambaye hakupata kusomea utabibu hata kidogo, kisha zikapelekwa kwa wasomaji wa hospitali ya macho ya Moorfields huko London, wakazilinganisha na picha za mashine kubwa, na matokeo yakaonyesha kuwa zinaaminika katika kulipima duara lile la mshipa wa fahamu. Mwaka 2016 Bastawrous alipewa Tuzo ya Rolex, na wengi waliamini kwamba kioo kile ndicho kitakachobaki kuwa alama ya taasisi.

Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo kiini cha risala hii.

Kitale ni mji uliopata reli mwaka 1926 ili mahindi ya walowezi yapate njia ya kushuka, na hata leo mahindi ndiyo yanayoamua lini watu wana fedha na lini hawana, lini wana nafasi na lini hawana. Hospitali yake, ambayo tangu ugatuzi wa mwaka 2013 imo mikononi mwa kaunti, ina kitengo cha macho kinachotegemewa na watu wengi kuliko wenyeji wa Trans-Nzoia peke yao: wako wanaoshuka kutoka Pokot Magharibi, na wako wanaopanda kwa barabara ya Webuye, wakipita Kamukuywa na Kiminini, na hasa watu wa Tongaren na Naitiri, ambao ingawa ni wa Kaunti ya Bungoma safari zao nyingi za sokoni na za hospitali huishia Kitale. Daktari bingwa wa macho hapo alikuwa Dkt. Hillary Rono, na ni yeye, zaidi ya mtu mwingine yeyote, aliyelitoa jambo la Peek katika hali ya ajabu ya kutazamwa akalitia katika hali ya kazi ya kila siku. Jina lake ndilo la kwanza katika makala zote mbili kubwa zilizotokana na utafiti wa Trans-Nzoia, na naandika hivi kwa makusudi, maana katika masimulizi ya ng'ambo jina la mwenyeji huwa jepesi kuanguka njiani.

Swali lake lilikuwa la mtu aliyekaa kliniki miaka mingi. Hakuuliza kama simu yaweza kupima; hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa Nakuru. Aliuliza hivi: mtoto akiisha kugunduliwa shuleni kwamba haoni vizuri, je, atafika hospitali? Katika kaunti palikuwa na shule za msingi za umma 295 zilizostahili kuingia katika utafiti. Zikachaguliwa 50 kwa kura, na kwa kura tena 25 zikapewa mfumo wa Peek na 25 zikabaki na desturi ya zamani ya kadi yenye herufi na barua ya rufaa.

Na tuingie darasani. Mwalimu husimama mita 2 kutoka kwa mtoto, ameigeuza simu kioo chake kikimwelekea mtoto, jicho moja la mtoto limefunikwa kwa kiganja. Kiooni hutokea herufi E moja, nyeusi, ambayo meno yake yaweza kuelekea juu, chini, kulia au kushoto. Mtoto hahitaji kujua kusoma, huonyesha tu kwa kidole upande meno yalikoelekea, na mwalimu hukipitisha kidole chake juu ya kioo kuufuata upande ule ule ulioonyeshwa, bila yeye mwenyewe kuiona herufi. Mtoto akishindwa kuona, mwalimu huitikisa simu, na simu hujua. Herufi hupungua ukubwa, hugeuka, hupungua tena, mpaka simu inapopata jibu lake na kutetema. Hekima ya mpango huu, ambayo naiona ni kubwa kuliko hekima ya kamera na vioo, ni kwamba mwalimu hawezi kumsaidia mtoto ampendaye wala kumwonea mtoto asiyempenda, maadamu hajui jibu lililo sahihi ni lipi. Na tena mtoto hawezi kukariri mistari ya kibao kwa kuwasikiliza waliomtangulia, hila ambayo kila aliyepata kupanga foleni ya kupimwa macho shuleni anaijua.

Lakini nusu kubwa ya kazi ilianza baada ya kutetema huko. Katika shule za desturi ya zamani mtoto aliyeshindwa alipewa barua, akaichukua nyumbani, nasi twajua barua za shule zinavyofika nyumbani zinapofika. Katika shule za Peek alipewa karatasi yenye picha iliyochapwa kwa namna ya kumwonyesha mzazi jinsi mtoto wake auonavyo ulimwengu, ikiwa imetiwa ukungu kwa kadiri ya upungufu wa macho yake. Mama aliyekuwa akisikia kila muhula kwamba mwanawe hana bidii alishika mkononi mwake, kwa mara ya kwanza, hicho ambacho mwanawe alikuwa akikitazama kila siku kwa miaka. Fauka ya hayo simu ya mzazi ilipelekewa arafa za kumkumbusha kumpeleka mtoto hospitali, na shule nayo ikapata habari za watoto wake waliopewa rufaa, hata lisiweze jina la mtoto kupotea kimyakimya baina ya darasa na kliniki.

Kazi iliendelea hadi tarehe 13 Julai 2015, na hesabu zake, zilizochapwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health, nazileta hapa kamili kwa sababu zinastahili kusomwa polepole. Katika shule za Peek walipimwa watoto 10,579, wakapatikana 531 wenye upungufu wa kuona. Katika shule za desturi walipimwa 10,284, wakapatikana 366. Kati ya wale 366 waliofika hospitali ni 82, yaani asilimia 22. Kati ya wale 531 wa Peek walifika 285, yaani asilimia 54.

Waliozisoma hesabu hizi walifurahi, na furaha yao ilikuwa na haki. Mimi lakini kila nikizisoma hutoa 285 katika 531, na hubakiwa na watoto 246: watoto waliopimwa kwa chombo bora, wakaonyeshwa wazazi wao kwa picha, wazazi wakakumbushwa kwa simu, na bado hawakufika Kitale. Kwa nini? Hapa nasema kwa rai yangu, kama mtu wa sehemu hizi. Miezi ile, kutoka Machi hadi Julai, ni miezi ya kupanda, kutia mbolea na kupalilia. Ni miezi ambayo ghala limekwisha na mavuno bado, na nauli ya watu wawili kutoka pembe za kaunti hadi mjini na kurudi haiokotwi. Mzazi anayeacha shamba siku moja ya palizi hajui kama hospitalini atahudumiwa siku hiyo au ataambiwa arudi. Picha yaweza kumfanya aamini; haiwezi kumlipia matatu.

Na naandika kwa taadhima kwamba taasisi ya Peek, pamoja na Dkt. Rono na wenzake, haikuificha idadi ile nyuma ya ushindi wake. Baina ya mwaka 2018 na 2019 walirudi kwa watu wa Trans-Nzoia na utafiti wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, safari hii wakiiacha shule na kuingia majumbani. Wahudumu wa afya ya jamii, wale majirani zetu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za chanjo na za wajawazito, walifunzwa kuitumia simu, wakawapima watu wa rika zote mlangoni mwao. Na aliyeonekana ana tatizo hakuambiwa aende Kitale moja kwa moja, bali aliitwa kwenye kliniki ya uchambuzi iliyowekwa katika kituo cha afya kilicho karibu naye, ambako wenye maradhi mepesi walitibiwa papo hapo na wenye maradhi mazito, kama vile mtoto wa jicho, ndio waliopelekwa mjini. Matokeo yalichapwa mwaka 2021 katika Lancet Digital Health: waliofika kwenye huduma mahali mfumo ulipotumika walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliofika mahali usipotumika. Hospitali ilikuwa imesogezwa nusu ya njia.

Katika miaka hiyo mtazamo wa taasisi uligeuka kabisa. Kile kioo cha kuchungulia retina, kilichoiletea sifa, kikarudi nyuma. Programu ya kupima uoni ikawekwa wazi kwa yeyote mwenye simu ya Android aichukue bila malipo. Na kazi yenyewe ya Peek ikawa kuziunganisha serikali na mashirika ya macho kwa mfumo unaomfuata mgonjwa tangu mlangoni mwake hadi atakaporudi ameona, na kumwonyesha msimamizi ni hatua ipi watu wanapopotelea. Botswana iliuchukua mfumo huo kwa ajili ya watoto wa shule wa nchi nzima. Pakistan na Zimbabwe nazo zikaingia. Wakati Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha, mwezi wa Julai 2021, azimio lake la kwanza la kuutaka ulimwengu uwafikishie watu wote huduma ya macho, ilikuwa imekwisha kujulikana, kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana upungufu wa kuona ambao ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni ule wa kutengenezwa kwa miwani ya kawaida tu.

Katika miaka ya karibuni zaidi, watafiti wanaoshirikiana na Peek wameliuliza swali la Kitale huko Meru: kati ya wale wanaogunduliwa, ni nani hasa hafiki? Ikaonekana kwamba wanaopungua kufika ni watu wazima walio vijana, wa miaka 18 hadi 44, yaani wale ambao wazee na watoto wote wanawategemea kwa chakula na ambao siku moja ya kukosa kazi huonekana jioni ya siku hiyo hiyo. Jambo hilo halikunishangaza, na sidhani kama lilimshangaza mtu yeyote aliyepata kulima kibarua Kiminini.

Upande wetu wa Bungoma, ambako wagonjwa wa macho wamezoea kugawanyika, wengine wakishuka Sabatia katika Vihiga na wengine wakipanda Kitale, shule yoyote ambayo haijaanza kuwapima watoto wake haina haja ya kungoja utafiti wa tatu. Programu haina bei. Mita 2 zimo katika kila darasa. Mwalimu aliyekwisha kuizoea simu kwa M-Pesa ataizoea kwa herufi E katika muda wa asubuhi moja. Kinachotakiwa na ambacho hakimo ndani ya simu ni idara ya afya ya kaunti ikubali kumpeleka afisa wa macho katika vituo vya karibu na shule, mwalimu mkuu awe na daftari la majina ya waliopewa rufaa na mtu mmoja wa kulifuata hadi jina la mwisho, na siku ya kliniki ipangwe isigongane na siku ya soko la Chwele.